Hisabu ya Nafsi: Mafunzo kwa Kijana Aliye Safarini Bara

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Ajuaye yaliyo dhahiri na yaliyo siri. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Zamani, watu wa pwani walipofunga safari ya bara, kutoka Bagamoyo hata Unyanyembe na Ujiji, iliwapasa kupita katika nchi ya Ugogo. Na kabla ya kuingia Ugogo, wakiisha kuiacha Mpwapwa nyuma yao, palikuwa na nyika kavu iliyojulikana na wasafiri wote, ikiitwa Marenga Mkali, kwani maji yake yalikuwa haba, na hayo machache yalikuwa machungu. Kiongozi wa msafara mwenye akili hakungoja kiu. Aliwaamrisha watu wake wajaze vibuyu wangali penye maji matamu, kisha waondoke alasiri, jua likiisha kupungua ukali, wakaenda hata usiku. Ama yule aliyesema, "Nitatafuta maji nitakapoyahitaji," huyo alijua ujinga wake mahali ambapo kujua hakumfai kitu tena. Katikati ya nyika haikumsaidia mtu nguvu ya miguu yake, wala wingi wa bidhaa zake, ikiwa hakufanya shauri kabla ya kuingia.

Mfano huo ndio mfano wa kijana na majaribu ya dunia. Saa ya jaribu si saa ya kutafuta dini; ni saa ya kunywa katika ile aliyokwisha kuichukua.

Njia ile ile, na nyika nyingine

Njia ya Ugogo imebadilika mara nyingi. Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, nayo ikapita Dodoma. Mwaka 1973 ikakatwa shauri kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhamia huko. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamtoa mtu Dar es Salaam na kumfikisha Dodoma kwa saa chache tu, safari ambayo babu zake waliiendea kwa wiki nyingi.

Kwa hiyo leo watoto wa Tanga na Bagamoyo, wa Kilwa na Lindi, wa Mafia, wa Unguja na Pemba, huenda Dodoma kwa mamia, wengine kwa kusoma na wengine kwa kazi. Hapana anayekufa kwa kiu Marenga Mkali. Walakini iko nyika nyingine ambayo reli haikuiondoa, nayo ni upweke wa kijana katika mji asikojulikana yeye ni mtoto wa nani.

Kwao pwani, kijana huchungwa na macho mengi. Yuko baba, yuko mjomba, yuko mwalimu wa chuo aliyemfundisha alifu na be, wako wazee wakaao barazani baada ya alasiri, yuko jirani ambaye akimwona penye ubaya humwita kwa jina la baba yake. Haya ni katika neema kubwa za Mwenyezi Mungu. Lakini na ajue kila mzazi kwamba miongoni mwa vijana waliosifiwa wema katika mtaa wao, wako ambao hawakuwa wema, bali walikuwa wakitazamwa tu. Macho yakiondoka, wema huondoka pamoja nayo. Basi kazi ya mwalimu na mzazi si kumtazama mtoto peke yake; ni kumfundisha mtoto ajitazame mwenyewe, hata aingiapo pasipo na mtu, awe ameingia na shahidi wake.

Maana ya hisabu ya nafsi

Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Sura ya Al-Hashr, aya ya 18, amewaamrisha walioamini wamche Yeye, na kila nafsi iangalie ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho. Na katika Sura ya Al-Qiyama amemweleza mwanadamu kuwa ni shahidi juu ya nafsi yake mwenyewe, ijapokuwa ataleta nyudhuru zake zote. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi, alikuwa akiwausia watu wajihesabu kabla ya kuhesabiwa, na wazipime amali zao kabla hazijapimwa.

Wanavyuoni wakalifanya jambo hili kuwa ilimu. Mmoja wao, Al-Harith, aliyezaliwa Basra na kufa Baghdad mwaka 857, alijulikana kwa jina la Al-Muhasibi, yaani mwenye kujihesabu, kwa wingi wa kuihoji nafsi yake. Na Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akakitenga kitabu kizima katika Ihya Ulumiddin kwa ajili ya kuichunga nafsi na kuihesabu. Humo ameifananisha nafsi na mshirika katika biashara, na rasilmali ya biashara hiyo ni umri wa mtu.

Mfano huu watu wa pwani wanaujua kuliko watu wengi. Tajiri hamkabidhi mshirika wake mali akaondoka bila ya neno. Kwanza humshartia: uza hiki, usiuze kile, kopesha huyu, usimkopeshe yule. Kisha humwangalia katika kazi. Kisha jioni hukaa naye na daftari, wakatazama kilichoingia na kilichotoka. Ikionekana khiyana, humtoza. Ikionekana uvivu, humzidishia kazi. Wala haachi kumlaumu ili asirudie. Hizo ndizo daraja sita alizozitaja Imamu Al-Ghazali: kushartiana na nafsi, kuichunga, kuihesabu, kuiadhibu, kuijitahidisha, na kuilaumu.

Na ajabu ni kwamba yuko mwenye duka ambaye halali mpaka ajue senti 50 zimekwenda wapi, naye hulala kila usiku bila ya kujua siku yake imekwenda wapi. Fedha iliyopotea yaweza kupatikana kesho. Siku iliyopotea hairudi hata Kiyama, illa itarudi kuwa shahidi.

Namna Mtume alivyowafundisha vijana

Wako walimu wadhanio kuwa tabia njema huingia kwa bakora. Bakora hufundisha pale alipo mwenye bakora. Mtoto akipanda treni, bakora hubaki Tanga. Kwa hiyo yafaa kutazama namna alivyofundisha yule aliyekuwa mbora wa walimu, rehema na amani zimshukie.

Imepokewa na Imamu Ahmad kutoka kwa Abu Umama kwamba kijana mmoja alimwendea Mtume akamwomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkemea kwa ukali. Mtume hakumkemea. Alimwita karibu, akamketisha, akamwuliza kama angependa jambo hilo kwa mama yake. Kijana akasema la. Akamwuliza kwa binti yake, na kwa dada yake, na kwa shangazi yake, na kwa mama yake mdogo. Na kila mara kijana akijibu la, Mtume humwambia kwamba watu nao hawapendi hayo kwa jamaa zao. Kisha akaweka mkono wake juu ya kijana yule, akamwombea asamehewe dhambi zake, na moyo wake utakaswe, na tupu yake ihifadhiwe. Na kijana hakutamani tena jambo lile.

Na litazamwe vizuri tendo hili. Yule kijana alijua kwamba zinaa ni haramu. Lau si hivyo asingeomba ruhusa. Hakupungukiwa na hukumu. Alipungukiwa na kumwona yule mtu mwingine ambaye haki yake ingevunjwa. Mtume akamwonyesha kwa maswali, hata kijana akaitoa hukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Na neno alilolitoa mtu kwa kinywa chake humfuata safarini, kwa kuwa ni lake.

Na imepokewa pia kwamba Wabisa bin Maabad alimwendea Mtume kuuliza juu ya wema na dhambi, naye akaambiwa autake moyo wake fatwa, kwani wema ni ule unaoituliza nafsi, na dhambi ni ile inayosumbua kifuani, hata watu wakitoa fatwa ya kuiruhusu. Walakini mwalimu na awatahadharishe wanafunzi wasiifahamu hadithi hii kombo. Moyo hauulizwi penye hukumu iliyo wazi katika Kitabu na Sunna. Wala moyo ulioharibika kwa maasia si mufti. Moyo unaoulizwa ni ule uliozoezwa, kama ulimi unaoonja chumvi: ukiungua, hauwezi kupambanua tena chumvi na sukari.

Hongo na majina yake

Liko neno moja ambalo watu wa pwani walilitumia katika njia hii ya Ugogo, nalo lina mafunzo makubwa. Zamani msafara ulipofika Ugogo, ulitozwa hongo na watemi wa nchi, yaani ushuru wa kupita na wa maji. Uliweza kuwa mzito, na wasafiri wakanung'unika. Lakini ulitolewa mchana, mbele ya watu, kwa nguo zilizohesabiwa. Leo neno lile lile ni jina la kitu kitolewacho gizani, ambacho hapana mtoaji apendaye kionekane, wala mpokeaji akubaliye kuwa alikipokea.

Na tazama hila ya nafsi: jina la hongo lilipokuwa baya, nafsi ikatafuta majina mengine. Mmoja huiita chai, mwingine asante, mwingine takrima, mwingine kusaidiana. Kitu ni kile kile. Kilichobadilika ni nguo yake. Kwa hiyo katika mambo ya kwanza ya kumfundisha kijana ni kulivua tendo nguo ya jina lake zuri na kulitazama lilivyo.

Bwana Mtume alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, ajulikanaye kwa jina la Ibn Lutbiyya, kwenda kukusanya zaka. Aliporudi akaligawanya alilolileta, akasema fungu hili ni lenu na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akasimama juu ya mimbari akauliza mbele ya watu: kwa nini mtu huyo asingalikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, akatazama kama zawadi hiyo ingemfuata huko? Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Ni swali moja tu, nalo latosha kijana yeyote atakayekalia kiti cha ofisi Dodoma au penginepo: kitu hiki anachopewa, angalipewa lau angalikuwa amekaa kwao Pangani bila ya kiti? Akijibu la, basi amekwisha kujua kinachonunuliwa.

Kushuhudia juu ya nafsi na juu ya wazazi

Katika Sura ya An-Nisa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini wasimamishe uadilifu na wawe mashahidi kwa ajili yake, ijapokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zao, au wazazi wawili, au jamaa. Ni aya nzito, na mwenye kuwafundisha vijana hisabu ya nafsi hana budi kuipita.

Njia iliyopita Ugogo haikupitisha pembe na nguo tu. Ilipitisha na watu waliofungwa, wanaume kwa wanawake na watoto, wakiteremshwa pwani kuuzwa, mpaka soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, na kwa magendo hata baada yake. Na miongoni mwa waliowaongoza walikuwamo watu wa pwani, wenye kusali na kufunga, wenye misahafu katika mizigo yao. Hawakukosa kujua kwamba dini imeharimisha kumtwaa mtu huru na kumfanya bidhaa. Mwenyezi Mungu, katika hadithi kudsi aliyoipokea Bukhari, ametaja kwamba Yeye mwenyewe atakuwa khasimu wa mwenye kumwuza mtu huru akala thamani yake. Walijua, kisha wakalipa tendo lile jina la biashara, na wakaona kila mtu akilifanya.

Haya hayatajwi ili kuwatukana waliotangulia. Hao wamekwenda kwenye hisabu yao, nao wako mbele ya Mola Mwadilifu. Yanatajwa kwa sababu mtoto anayefundishwa kwamba wazee wake hawakukosea hujifunza kwamba na yeye hawezi kukosea. Na swali la kumwuliza ni hili: ni tendo gani la leo ambalo watu wote hulifanya, wenye kusali na wasiosali, na wajukuu wao watalistaajabia? Kijana akilichukua swali hilo kifuani, amepata taa.

Ibra ya Kongwa

Na asidhani mtu kwamba nia njema peke yake yatosha. Dalili ya hayo iko Kongwa, katika nchi hiyo hiyo ya Ugogo. Baada ya vita vya pili vya dunia, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 kukaletwa shauri la kulima karanga katika Tanganyika, katika mamilioni ya ekari. Wakatumwa watu kuitazama nchi, nao wakaimaliza kazi yao kwa wiki chache. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa kwa matrekta na mashini kubwa. Mizizi ya vichaka ikazivunja mashini. Udongo ule wa mfinyanzi ukakauka chini ya jua ukawa kama saruji, hata karanga hazikuweza kung'olewa. Na mvua ya Ugogo, ambayo hunyesha miezi michache na mwaka mwingine hukosa, haikungoja hesabu za London. Mwezi wa Januari 1951 shauri likaachwa, na hasara yake ikakadiriwa kuwa pauni milioni 36.

Wenye shauri hili hawakuwa wezi. Walitaka watu wapate chakula. Lakini walijiuliza tutapata kiasi gani, na upesi gani. Hawakujiuliza kwa kutosha, je, tunaijua nchi hii? Na ikiwa tumekosea, hasara itakuwa juu ya nani? Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walilima uwele na mtama, mazao yastahimiliyo ukame, na wakaweka akiba kwa ng'ombe na mbuzi. Na chaguo lao peke yake lilikuwa jawabu kwa mwenye kutaka kuuliza.

Basi na hili lifundishwe: katika kukata shauri, nia njema ni nusu, na ilimu ni nusu. Mwenye nia bila ya ilimu huharibu kwa moyo safi, na mwenye ilimu bila ya nia huharibu kwa mkono hodari. Na mtu akiisha kuanza kosa, asizidi kulishika kwa sababu ya aibu ya kuliacha, kwani kila ekari aliyoizidisha ni hasara juu ya hasara.

Kazi ya mwalimu na ya mzazi

Yapasa mafunzo haya yawe na utaratibu, kama vile kusoma Kurani kulivyo na utaratibu. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, mwanafunzi azoezwe kukaa kidogo na kushartiana na nafsi yake kwa siku hiyo moja: ulimi huu, macho haya, simu hii, fedha hii, vitatumiwa wapi. Hapo ndipo anapojaza vibuyu vyake. Usiku, baada ya isha, ajiulize mambo matatu: faradhi zipi zimepungua, haramu ipi imeingia, na haki ya nani imebaki juu yake. Akipenda, aandike katika daftari dogo.

Na mwalimu asilisome daftari hilo, wala asiwalazimishe wanafunzi kutaja dhambi zao mbele ya wenziwao. Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusitiri, na dhambi aliyoisitiri Mola si ya kutangazwa chuoni. Atakayewalazimisha watoto kujifichua atapata watoto wajuao kusema uwongo kwa lafudhi ya toba. Ajuaye yaliyomo daftarini na awe Mola wao na wao.

Kisha wafundishwe namna ya kukata shauri kwa mifano ya maisha yao. Na uchukuliwe mfano wa kijana aliye katika chuo cha bara. Usiku wa kuamkia mtihani, mwenziwe amemletea maswali yaliyoibiwa katika simu. Ada haijalipwa yote, baba yake mvuvi ameuza mashua, na akishindwa atarudi nyumbani na aibu. Mwalimu asiseme haramu, kisha akanyamaza. Na amwulize.

La kwanza, hukumu yake ni ipi? Bwana Mtume alipita sokoni penye fungu la nafaka, akatia mkono ndani, akaona unyevu uliofichwa chini ya kavu. Ndipo aliposema kwamba mwenye kudanganya si katika jamaa yake. Cheti kilichojengwa juu ya maswali ya wizi ni nafaka kavu juu na mbichi chini.

La pili, haki ya nani itavunjwa? Iko haki ya mwenziwe aliyekesha akisoma. Iko na haki ya mgonjwa ambaye miaka kumi baadaye atalala mbele ya daktari aliyeiba somo lile lile linalohitajiwa saa hiyo.

La tatu, angependa atendewe hivyo yeye, au mama yake?

La nne, angeweza kulifanya jambo hili barazani kwao, baba yake akitazama? Na asisahau kwamba Aliye mtukufu kuliko baba yake anatazama.

La tano, likibaki shaka, amwulize nani? Awaulize wenye ilimu na wenye kuijua kazi ile. Na istikhara ni ya mambo ya halali yanayogongana. Haramu iliyo dhahiri haiswaliwi istikhara, kwani Mola amekwisha kuijibu.

Na la sita, akiliacha, atastahimili nini? Swali hili waalimu wengi huliruka, nalo ndilo linalowaangusha vijana. Uaminifu una gharama, na mwenye kumficha kijana gharama hiyo amemtuma nyikani na kibuyu kitupu. Pengine atashindwa mtihani. Pengine atarudi nyumbani. Basi hapo ndipo inapojulikana kazi ya mzazi: je, baba amekwisha kumwambia mwanawe kwamba kushindwa kwa haki ni bora kwake kuliko kushinda kwa wizi? Baba ambaye hakusema neno hilo kabla ya safari, na kila barua yake na simu yake ni ya kuuliza alama tu, huyo ni mshirika katika wizi ule, ijapokuwa hakuushika kwa mkono.

Na kijana aliyekwisha kuanguka asifungiwe mlango. Toba ina sharti zake: aiache dhambi, aijutie, aazimie kutorudi, na akiwa ametwaa haki ya mtu airudishe. Mwenye kumkatisha kijana tamaa ya rehema za Mungu amemfanyia ubaya kuliko ule wa jaribu lenyewe.

Juu ya yote hayo, mwalimu na mzazi waanze na nafsi zao. Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu amewakemea wanaowaamrisha watu wema wakazisahau nafsi zao. Mtoto anayemwona baba yake dukani akizidisha kidole katika mizani, kisha jioni akamsikia akitoa mawaidha, hujifunza mizani, na mawaidha huyaacha barazani. Lakini mtoto aliyemsikia baba yake hata mara moja akisema, "Mwanangu, jana nilikudhulumu, nisamehe," huyo amesoma sura nzima ya hisabu ya nafsi katika neno moja.

Khatima

Yasimuliwa kwamba Abdullah bin Umar, Mungu awawie radhi yeye na baba yake, alikutana njiani na mchunga kondoo, mtumwa, aliye peke yake na mifugo ya bwana wake. Akataka kumjaribu, akamwambia amwuzie kondoo mmoja. Akasema si wake. Ibn Umar akamwambia, basi mwambie bwana wako kwamba mbwa mwitu amemla. Mchunga akauliza: na Mwenyezi Mungu yuko wapi? Ibn Umar akalia kwa neno hilo, akamnunua mtumwa yule kwa bwana wake, akamwacha huru.

Mchunga yule hakuwa na mwalimu mbele yake, wala baraza, wala jirani. Alikuwa na nyika, na mifugo, na mtu mwenye fedha. Wala hakungoja jaribu ndipo atafute jawabu. Alikuwa nalo tangu zamani, likakaa kinywani kama maji katika kibuyu.

Treni iondokayo pwani kila siku huwachukua watoto wa Waislamu kwenda nchi ile kavu. Masanduku yao yamejazwa nguo na vitabu, na mama zao wamewatilia na chakula cha njiani. Basi kila baba, kabla ya kumsindikiza mwanawe stesheni, na akae naye faragha, amwulize yale maswali sita, na amsikilize anavyojibu. Mahali penye maji matamu ni hapo nyumbani.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wa Kiislamu kuwa wenye kujihesabu kabla ya kuhesabiwa. Awape wazazi na walimu wao ukweli wa kauli na wa matendo. Awasamehe waliotangulia, na awalinde walio safarini katika miji na katika nyika, wanapoonekana na wasipoonekana. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amin.